Gurudumu Lililoonekana Limesimama

Nyaruot alikulia Kakuma, katika kambi ya wakimbizi upande wa Kenya, na Kiswahili alikiokota hukohuko, kwenye foleni za maji na madarasa ya mabati. Aliporudi Juba na mama yake, mwaka ule Sudan Kusini ilipopata uhuru, alikuta mji wa kwao unaongea Kiarabu chake wenyewe, na yeye alikielewa nusu tu. Kwa hiyo asubuhi moja, akipita mtaa wa Hai Malakal kutafuta kazi, aliposikia mwanamke akimgombeza mwuza maji kwa Kiswahili, alisimama. Alisikiliza mpaka ugomvi ukaisha. Kisha akaingia uani bila kukaribishwa.

"Dada, hata mimi naongea hiyo lugha," alisema. "Hakuna kazi hapa?"

Mwanamke huyo alikuwa Resty, Mganda kutoka Masaka. Yeye na mumewe Dunstan walikuwa wamefungua mashine ya kusaga katika ua ule, na mimi nilikuwa nimepanga kachumba kwenye kona ya uzio. Naitwa Emma. Kwetu Emma ni Emmanuel, msije mkanichukulia mwanamke. Nilizaliwa Busia, mpakani, na Juba nilikuja kuendesha boda, kama vijana wengi wa Uganda walivyokuja, kwa sababu nchi mpya ilikuwa inahitaji kila kitu. Ninayosimulia hapa mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine Resty aliniambia baadaye, wakati hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Kazi ya unga ni vumbi," Resty alimjibu. "Utakuwa mweupe kama mzungu."

"Vumbi nimelizoea. Kakuma hakuna kitu kingine."

Akaanza siku hiyohiyo.

Alikuwa msichana mrefu, mkimya kwa wageni na mwenye maneno mengi kwa waliomzoea. Resty alimwita "mdogo wangu", naye alimwita Resty "Mama Mirembe", kwa jina la binti ambaye Resty alikuwa amemwacha kwa bibi yake Masaka. Kazi ya Nyaruot ilikuwa kumimina nafaka kwenye mdomo wa mashine na kuupokea unga, lakini haukupita muda wateja wakawa wanamtafuta yeye kwa jina. Unga ulipokuwa ukitoka, alichota kidogo kwa mkono wa kulia, akausugua kwa kidole gumba, akajua kama unafaa kwa ugali au urudishwe usagwe tena kwa ajili ya kisra, ule mkate wao mwembamba kama karatasi. Jirani yetu Poni, ambaye sote tulimwita Mama Rejoice, hakukubali mtama wake uguswe na mtu mwingine. Poni naye alikuwa amekulia ukimbizini, kwetu Uganda, na kila alipokutana na Nyaruot walishindana kwa kucheka ni kambi ya nani ilikuwa na maharage mabaya zaidi.

Mchana wateja wakipungua, Nyaruot alikaa juu ya magunia chini ya dirisha akitarizi milaya, yale mashuka yenye maua ya nyuzi ambayo wanawake wa Juba hutandika wageni wakija. Mkono wake ulikwenda kasi mpaka sindano huioni. Alitaka siku moja awe na kibanda chake cha kuyauzia, na mama yake akae mlangoni akipokea watu.

Dirisha lile lilikuwa kubwa, na Dunstan ndiye aliyelitaka liwe hivyo. Dunstan alikuwa fundi wa umeme kabla hajawa mwenye mashine. Ndani ya chumba kulikuwa na mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga, kila moja na mota yake, na zote zilipata umeme kutoka kwa jenereta moja nyuma ya ukuta. Juu, katikati ya dari, ilining'inia taa ya tyubu.

Wiki ile ya uhuru televisheni ilirudia picha za sherehe tangu asubuhi hadi jioni. Jumapili moja tulikaa uani tukitazama kwenye televisheni ndogo ya Dunstan, Poni akiwa na Rejoice mgongoni. Magari ya jeshi yakapita mbele ya umati, na Nyaruot akaruka kutoka kwenye kiti.

"Angalieni magurudumu! Gari inaenda mbele na gurudumu inarudi nyuma!"

Kweli. Lori lilisonga mbele taratibu, bendera mpya ikipepea juu yake, na magurudumu yake yalikuwa yakizunguka kinyume kana kwamba dereva ameingiza gia ya nyuma.

Poni hakucheka. "Hiyo si dalili nzuri," alisema. "Siku ya uhuru wetu."

"Si dalili, Mama Rejoice, ni kamera," Dunstan alisema. Akachukua sahani ya bati, akaigeuza, akachora msalaba mkubwa kwa kipande cha mkaa. "Tuseme hizi ni nondo nne za gurudumu. Nyaruot, fumba macho. Haya, fumbua. Nimeizungusha?"

"Hapana."

"Nimeizungusha. Nondo iliyokuwa kulia sasa iko juu, lakini zote zinafanana, kwa hiyo wewe unaona haijasogea. Fumba tena. Fumbua."

"Umeirudisha nyuma kidogo."

"Sikuirudisha. Nimeipeleka mbele vilevile, ila nimeiachia njiani kabla nondo haijafika pale mwenzake alipokuwa. Wewe hukuona safari, umeona ilipoishia tu. Basi kamera ni hivyo. Inapiga picha, inafumba, inapiga, inafumba, upesi sana, na gurudumu linazunguka wakati imefumba."

Nyaruot alitaka kurudia tena na tena, na safari nyingine yeye azungushe sahani na Poni afumbe macho. Hata Poni alianza kucheka. Ndipo Dunstan akasimama, uso wake umebadilika, akasema twende chumba cha mashine, kuna kitu kibaya kuliko cha televisheni.

Alifunga dirisha, akawasha tyubu, kisha akawasha mashine ya kukoboa. Gurudumu lake la mkanda lilikuwa la chuma, na nondo nne zikitoka katikati hadi ukingoni. Mashine ikiwa tupu tuliziona nondo zikitambaa mbele polepole, kama mshale wa saa. Akamimina mahindi. Mashine ikazidiwa kidogo, nondo zikapunguza mwendo, zikasimama. Zilisimama kabisa. Ningeweza kuapa kwamba gurudumu lile limezimwa jana.

Dunstan akachukua gunzi la mahindi akaliingiza katikati ya nondo. Likalipuka. Vipande viliruka mpaka ukutani, na Nyaruot akarudi nyuma akanikanyaga.

"Hii taa pia inafumba," Dunstan alisema kwa sauti ya juu kushinda mashine. "Umeme unaenda na kurudi, na kila ukigeuka taa inafifia. Mara mia kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kuona, linakuambia taa inawaka tu. Lakini gurudumu linapiga hatua zake ndani ya hizo giza ndogondogo. Ukiona limesimama chini ya hii tyubu, usiamini. Gusa swichi kwanza."

Karibu na gurudumu alitundika balbu ya kizamani, yenye uzi wa moto ndani. Alisema uzi ule ukishapata moto haupoi upesi, kwa hiyo haufumbi kama tyubu. "Na mchana tumieni dirisha. Jua halifumbi."

Miaka miwili na ushee ilipita hivyo, na ninaweza kusema ilikuwa mizuri. Balbu ikaungua. Madukani za aina ile zilikuwa zimeadimika, na hakuna aliyejali, maana dirisha lilikuwa wazi kuanzia asubuhi na jioni tulifunga kazi.

Desemba 2013 Dunstan alikwenda Masaka kumwuguza mama yake. Nyaruot akawa analala kwa Resty ili asikae peke yake. Jumapili ya tarehe kumi na tano, usiku, milio ikaanza upande wa kambi ya jeshi, na asubuhi mji mzima ulikuwa unalia bunduki. Wakubwa wa nchi walikuwa wamegombana, na kufikia Jumatatu mchana ugomvi wao ulikuwa umegeuka swali moja linaloulizwa mlango kwa mlango: wewe ni kabila gani? Katika mitaa yetu, kabila la Nyaruot ndilo lililokuwa likitafutwa.

Sitaeleza yote niliyoyaona nilipochungulia nje ya geti. Niliona ya kutosha, nikalifunga.

Nyaruot alitaka kwenda kumtafuta mama yake. Alikuwa ameshavaa viatu. Resty alisimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Hakuna kutoka. Wakikuongelesha watakujua."

"Yule ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Wewe ukikufa hapo njiani, yeye atapata faida gani?"

Jioni jirani wa mama yake akapiga simu: mama alikuwa amekimbilia kambi ya UN karibu na uwanja wa ndege, na amefika. Nyaruot akakaa chini akalia, kisha akavua viatu.

Sasa dirisha likawa hatari. Kutoka njiani mtu yeyote aliweza kuona ndani ya chumba cha mashine, na humo ndimo Nyaruot alimojificha, nyuma ya magunia. Resty akaleta bati, mimi nikalishikilia, yeye akagongomea misumari akingoja milio ya risasi ili nyundo isisikike. Chumba kikawa giza kabisa.

Kufikia Jumatano watu wa mtaa walikuwa wamemaliza akiba. Soko lilikuwa limefungwa. Poni alikuja akiinama kando ya uzio, na gunia la mahindi kichwani.

"Mama Mirembe, watoto wanakula mahindi ya kuchemsha tangu jana, wanaharisha. Nisagie hata nusu. Kuna nyumba nyingine mbili zinaomba hivyo hivyo."

"Jenereta itasikika, Mama Rejoice."

"Kuna jenereta nyingine mtaani. Watajua ni ya maji."

Resty alisitasita. Aliyekata shauri ni Nyaruot, kutoka nyuma ya magunia. "Washa," alisema. "Nimechoka kukaa kama kuku kwenye kapu. Tufanye haraka tumalize."

Nikawasha jenereta, nikabaki getini kuangalia njia. Ndani waliwasha tyubu na mashine zote mbili kwa pamoja, kitu ambacho hawakuwa wakikifanya, ili kazi iishe upesi: Nyaruot akikoboa, Resty akisaga. Walikuwa hawajalala vizuri tangu Jumapili.

Resty aliniambia ilikuwa hivi. Gunia la mwisho la kukoboa lilikuwa likielekea kwisha. Kamba ya gunia ilianguka, ncha yake ikalala kwenye fremu karibu na mkanda, na Nyaruot akamwonyesha Resty ishara kwamba azime, kwa sababu swichi zote zilikuwa upande wa Resty. Resty alidhani anaambiwa unga umejaa. Akaitikia kwa kichwa, akainama kufunga gunia la unga. Nyaruot akatazama gurudumu. Nondo nne zilikuwa zimesimama tuli, mashine ya kusaga ikinguruma hata sauti nyingine haisikiki. Akaona mashine imezimwa. Akanyoosha mkono wa kulia achukue kamba.

Alijua. Yeye ndiye aliyecheza na sahani ile zaidi yetu sote. Lakini mtu aliyechoka hamwulizi jicho lake maswali.

Mimi sikusikia kelele zake. Nilisikia jenereta imebadilisha sauti, ikaguna kama imekabwa, kisha Resty akatoka nje, kitenge chake kimelowa damu, akiniita kwa Kiganda.

Mkono ulikuwa umekwenda kuanzia kiganja mpaka juu kidogo ya kifundo. Resty alifunga kwa mkanda wa nguo, akakaza mpaka nikadhani atakata kilichobaki. Poni alishika kichwa cha Nyaruot akirudia "malesh, malesh", pole, pole. Nyaruot hakulia. Aliuliza, "Si ulizima?"

"Nini, mdogo wangu?"

"Mashine. Ilikuwa imesimama. Niliiona imesimama."

Tukawa mbele ya jambo ambalo hakuna anayepaswa kulazimishwa kulichagua. Akibaki ndani, damu itamwishia. Akitoka, kuna vizuizi njia nzima. Resty alichagua upesi kuliko mimi. Alimvika Nyaruot gomesi yake, ile nguo yetu ya mabega yaliyoinuka, akamfunga kitambaa kichwani, akaniambia niwashe pikipiki. Tukapanda watatu, Nyaruot katikati.

"Usiongee kitu," Resty alimwambia. "Wewe ni mdogo wangu. Tumetoka Masaka. Mimi ndio nitaongea."

Kizuizi cha kwanza walitupungia tupite. Cha pili kilikuwa na gari limewekwa kukata njia, na askari kijana akaja na bunduki mkononi.

"Ita min wen?" akauliza. Mnatoka wapi?

"Uganda," Resty alisema. "Sisi watu ya kusaga unga, hapo Hai Malakal. Mashine imekata mdogo wangu. Tafadhali, ndugu yangu, tunaenda hospitali."

Askari akamtazama Nyaruot. Hakumtazama Resty tena. "Yeye aseme. Jina lako nani?"

Urefu wa Nyaruot gomesi haikuweza kuuficha, wala uso wake.

"Mirembe," Nyaruot alisema.

Ndilo jina pekee la Kiganda lililomjia. Askari alisogea, akainua kitambaa kilichofunika mkono. Alikitazama kile alichokiona kwa muda, kisha akakirudisha kitambaa mwenyewe, polepole, kama anayemfunika mtoto. Sijui kama alidanganyika au aliamua kudanganyika. Akatoa ishara gari lisogezwe.

Hospitalini walimkata chini ya kiwiko. Daktari alisema hakukuwa na cha kushona. Kitandani aliandikishwa Mirembe, na alipoamka manesi walimwita kwa jina hilo, naye akaitika. Resty alikaa naye, akimlisha uji kwa kijiko. Mara moja Nyaruot alimwambia, "Mimi sasa natarizi na nini?" Resty akaendelea kumlisha.

Siku kadhaa baadaye tukasikia Waganda wanasombwa kurudi kwao kwa mabasi. Resty akaona mlango umefunguka.

"Tunaenda sote," alimwambia. "Wewe ni Mirembe, hakuna atakayekuuliza. Masaka kuna nyumba, kuna ndizi, utapona."

Nyaruot alitikisa kichwa. "Mama yangu yuko huko kwa UN peke yake. Na mimi, Mama Mirembe, nimezaliwa nikikimbia. Nikiingia Uganda na jina la mtoto wako, nitakuwa nani? Nipeleke kwa mama."

Walibishana, lakini Resty hakuwa na nguvu za kubishana na mtu aliyekatwa mkono. Nilimpeleka Nyaruot mimi, asubuhi na mapema, mpaka kwenye geti la kambi ya UN. Kulikuwa na watu wengi mno wamejibanza kwenye uzio, na harufu. Aliingia bila kugeuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ule wa kulia, pale ulipoishia.

Mimi na Resty tukaondoka na mabasi ya siku iliyofuata. Njia yote mpaka tulipopita Nesitu, nje ya Juba, alikuwa akitazama dirishani. Huko ndiko alikosema maneno ambayo ameyarudia mara nyingi tangu hapo: "Ningeliacha wazi wangemwona. Nikalifunga, ndio hivyo." Alikuwa anasema juu ya lile dirisha la chumba cha mashine. Nilimwambia si kosa lake, akanitazama kama nimemwongelesha lugha asiyoijua.

Masaka, alipomweleza Dunstan, Dunstan alikaa kwenye ngazi ya mlango. Yeye alikuwa amemzika mama yake wiki hiyo. "Lakini alijua," alisema. "Nilimwonyesha."

"Alijua," Resty akasema. "Wote tulijua."

Walirudi Juba mwaka 2015, kwa sababu kila walichokuwa nacho kilikuwa ndani ya chumba kile, na Poni alikuwa amewatunzia ufunguo. Mashine zilikuwa salama. Mimi nilikuwa nimetangulia kurudi. Kitu cha kwanza Resty alichoniomba ni nimpeleke kwa Nyaruot. Watu wa kambi ya uwanja wa ndege walikuwa wamehamishiwa kambi nyingine ya UN, upande wa Jebel, chini ya ule mlima wa mawe.

Tulimkuta amekaa mbele ya hema, amekonda, akichagua mawe kwenye mtama kwa mkono wa kushoto. Mama yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, wakati wa mvua, kwa kuhara. Resty alipiga magoti akamkumbatia, na Nyaruot alikubali kukumbatiwa, lakini hakukumbatia.

"Tumefungua tena," Resty alimwambia. "Mama Rejoice anakuulizia kila siku. Njoo ukae mlangoni, upokee watu. Hakuna kugusa mashine. Unga utaujua hata kwa mkono wa kushoto."

"Nikitoka hilo geti, mtu akiniuliza jina, niseme nini? Mirembe tena?"

"Mambo imetulia sasa."

"Kwako." Nyaruot aliutazama mtama. "Wanawake wakitoka kutafuta kuni tu hawarudi walivyotoka. Wewe unaweza kwenda na kurudi, Mama Mirembe. Mimi niko hapa."

Resty alitoa nyuzi za rangi alizomnunulia, kisha akajiona alivyokosea, akazirudisha kwenye mfuko haraka. Nyaruot alikuwa ameziona.

"Usije tena," alisema, na sauti yake haikuwa kali. "Sina hasira na wewe. Ulinificha, najua. Lakini ukija nakumbuka nilikuwa mtu wa namna gani, halafu wewe unaondoka na mimi nabaki na kumbukumbu hiyo."

Resty alikwenda tena mara mbili. Mara zote Nyaruot alimtuma mwanamke jirani kuja getini kusema amelala.

Mashine haikuendelea vizuri. Resty aliling'oa lile bati, hakuruhusu tyubu iwashwe, na siku za mawingu alifunga kazi wateja wamesimama uani. Dunstan alianza kunywa pombe. Hawakugombana. Waliacha tu kuongea.

Julai 2016, siku ya uhuru ikikaribia, mizinga ikaanza upya, na safari hii ilikuwa mizito kuliko ya kwanza. Mapigano yalikuwa upande wa Jebel hasa, karibu na kambi, na makombora yakaangukia ndani ya kambi yenyewe. Resty alipiga simu mpaka betri ikamwishia. Uganda ilituma malori ya jeshi kuchukua watu wake, na tukatoka mara ya pili, safari hii bila ufunguo kuachiwa mtu, maana Poni pia alikuwa amekwisha kukimbia. Chumba cha mashine kilivunjwa wiki hiyohiyo. Walichukua hata mota.

Poni ndiye aliyetuletea habari. Alikuwa amerudi ukimbizini kaskazini mwa Uganda, si mbali na kambi aliyokulia, na sasa Rejoice alikuwa anapanga foleni ya maharage kama mama yake zamani. Alimpigia Resty, akamwambia Nyaruot yuko hai. Bado yuko kambini Jebel. Amezaa mtoto wa kike, na baba wa mtoto ameuawa mwezi wa saba.

Mwaka uliofuata simu ya Resty iliita kwa namba asiyoijua.

"Mama Mirembe," Nyaruot alisema. "Mtoto anaanza kutambaa. Ananishinda kumbeba na kupika. Hapa wanasema Kampala kuna mahali wanatengeneza mikono. Ni kweli?"

"Ni kweli, mdogo wangu. Nitauliza. Nitauliza kesho."

Resty nilimpeleka mimi, maana sasa naendesha boda Kampala. Karakana ilikuwa nyuma ya jengo moja la hospitali. Miguu ya plastiki ilikuwa imepangwa ukutani, na mikono michache, rangi ya kahawia isiyofanana na ya mtu yeyote. Fundi alikuwa kijana mpole. Resty alimweleza, akamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe mahali walipokata.

"Tunaweza," fundi alisema. "Hata ya bure ipo, kuna wafadhili. Mlete."

"Hawezi kuja. Iko Juba, kwa kambi."

"Basi haiwezekani, mama. Lazima tuchukue umbo la kisiki chake kwa plasta. Halafu avae, tumrekebishie, ajifunze. Ni wiki kadhaa."

"Mimi naweza kukupimia kwa kamba. Au yeye apime huko, anitumie kwa simu."

"Hautamkaa. Utamtoa vidonda."

Resty alisimama akiangalia ile mikono ukutani. Kisha akamshukuru fundi, akatoka. Nje alijaribu ile namba ya Nyaruot, na mashine ya simu ikajibu kwa Kiingereza kwamba haipatikani. Alijaribu tena tulipofika taa za barabarani, na tena nyumbani. Mpaka leo haipatikani. Poni naye anauliza kwa watu wanaofika kutoka Juba, na kila mtu anajibu kwamba kambi ile ina watu wengi, na wanawake waliokatwa mkono ni wengi vilevile, na kwamba kama angejua jina lake lingine, la baba yake, labda angesaidia. Sisi tunayajua mawili tu: Nyaruot, na Mirembe.